Udongo na Uongo

Katika lugha yetu, udongo na uongo vimetenganishwa na herufi moja tu. Yumkini ni sadfa, wala sikusudii kuijengea sadfa hiyo nyumba. Lakini mtunga mashairi hazoei kupita mbele ya vina kama hivi akafumba macho, hasa akiwa na wajukuu nyumbani ambao humletea, juu ya kigae cha sahani iliyovunjika, maandazi yaliyofinyangwa kwa udongo, vitumbua vya udongo, na changu wa udongo aliyechorwa magamba kwa kijiti, kisha wakamwambia: "Babu, karibu chakula." Swali linalozuka hapo ni dogo kwa umbo kama chakula chenyewe, lakini si dogo kwa uzito. Anayekipokea chakula hicho, akapeleka mkono mdomoni na kusema "kitamu", amesema uongo? Na aliyemkaribisha, je? Na sisi watu wazima tunaokaa nao mkekani tukawaonyesha namna ya kukanda na kufinyanga, tunawafundisha ufundi au tunawazoesha kudanganya?

Wapo watakaosema kuwa mambo ya watoto waachiwe watoto. Mimi sioni hivyo. Mtu huijua sura ya ukweli nyumbani kwao kabla hajaisikia chuoni wala skuli, na huijua kwanza kwa vitu vidogo: alichoahidiwa na alichopewa, alichosema na alivyojibiwa. Wahenga walituambia udongo tuuwahi ungali maji. Walikuwa wakizungumza juu ya malezi, lakini usemi wenyewe waliutoa kwa mfinyanzi, naye anajua kuwa kosa la asubuhi halitengenezeki jioni.

Tuanze kwa kuutazama mchezo wenyewe. Kupikapika ni mchezo mkongwe katika visiwa hivi. Vijiwe vitatu huwa mafiga, kifuu cha nazi huwa chungu, majani huwa mchicha, na mchanga huwa wali. Huu ninaouzungumzia ni tawi la mchezo huo, ambapo chakula chenyewe hufinyangwa, tena kwa udogo wa kuweza kuenea karamu nzima katika kiganja. Udongo wa mfinyanzi huchambuliwa changarawe na mizizi, hutiwa maji kidogo kidogo, hukandwa mpaka ukawa laini kama unga wa chapati. Ukiwa na maji mengi hunata vidoleni. Ukiwa makavu hupasuka pembeni. Kipande chembamba hupinda na kipande kinene hufanya nyufa, kwa hivyo huanikwa kivulini, si juani. Na wote hunywea ukikauka, hata mkate uliokuwa umeenea sahani jana, leo unachezacheza ndani yake.

Katika kazi hii mtoto hulazimika kujua vipimo. Ikiwa ndizi ina urefu wa pingili ya kidole, limau haliwezi kuwa kubwa kuliko samaki. Na likiwa, mwenyewe hulicheka. Hulazimika pia kubuni. Tambi huwezi kuzikata moja moja. Binti wa miaka saba aliwahi kuusukuma udongo kwa dole gumba katika chujio kuukuu la chai, zikatoka nyuzi tupu upande wa pili, na siku hiyo nyumba nzima ilikula tambi. Zaidi ya yote, hulazimika kutazama. Mtoto aliyekula changu mara mia hajui pezi la mgongo limeanzia wapi mpaka siku anapotakiwa kulifinyanga. Hapo huenda jikoni, akasimama karibu na bibi yake anayepaa samaki, akauliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza alipokuwa akila. Basi jambo la kwanza la kushuhudia ni hili: mchezo huu tunaoushuku kwa uongo, kwanza humpeleka mtoto kwenye kitu chenyewe, akakichunguze.

Hata hivyo shutuma ipo, na aliyeitoa kwa nguvu kuliko wote ni Plato, Myunani aliyefariki takriban mwaka 347 kabla ya Kristo. Katika sehemu ya kumi ya kitabu chake kiitwacho Jamhuri anazungumza juu ya vitanda vitatu: kitanda halisi alichokiumba Mungu, kitanda alichokichonga seremala, na kitanda alichokichora mchoraji. Cha mchoraji kimewekwa mbali kabisa na ukweli, kwani ni sura ya sura, na hakuna awezaye kukilalia. Kwa mizani hiyo maandazi yetu ya udongo yamo hatarini. Hakuna awezaye kuyala.

Lakini Plato huyo huyo, katika uzee wake, aliandika kitabu kingine kiitwacho Sheria, na katika sehemu yake ya kwanza anasema kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi mzuri na acheze kwa kujenga nyumba ndogo, na atakayekuwa mkulima acheze kwa kulima, na wanaowalea wawape vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa mfano wa vifaa vya kweli. Msomaji anayevisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja hujiuliza imekuwaje mfano ukafukuzwa mlango wa mbele ukakaribishwa mlango wa nyuma. Mimi naona hakuna mgongano. Mfano alioushuku ni ule unaoishia machoni mwa mtazamaji, ukamridhisha kwa kitu asichokijua. Alioukubali ni ule unaoanzia mkononi mwa mtendaji, ukamsogeza kwenye kitu atakachokijua. Swali basi si kama hiki ni mfano au si mfano, bali mfano huu unampeleka wapi aliye nao.

Haya yote ni maneno ya hekima, lakini kwa mtu wa visiwani swali la uongo halimalizwi na Plato. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Daud imepokewa kutoka kwa Abdallah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto, Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa ameketi nyumbani kwao, na mama yake akamwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Akaambiwa kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo.

Hebu tuutazame uzito wa habari hii. Ni tende moja, na mtoto mmoja, na neno ambalo kila mzazi hulitamka mara kumi kwa siku bila kulifikiri: njoo nikupe. Mtu angeweza kudhani kuwa habari hii inauhukumu mchezo wetu, kwa kuwa ndani yake kuna mtu anayeambiwa karibu chakula na chakula hakuna. Lakini tukiisoma kwa makini tutaona inatufundisha uongo unakaa wapi hasa. Unakaa katika kiganja kilichofumbwa. Mama anajua kilichomo, mtoto hajui. Mtoto anakuja kwa kuamini, na imani yake ndiyo itakayovunjwa. Uongo hauhitaji udongo wala rangi. Unahitaji watu wawili, mmoja anayejua na mmoja asiyejua, na wa kwanza awe ameridhika na kutojua kwa wa pili.

Katika mchezo wa udongo kiganja ki wazi. Anayetilia shaka na aufanye mtihani huu mwepesi. Alipokee andazi la udongo kwa mtoto, alitie mdomoni kikweli na kuanza kulitafuna. Mtoto yule yule aliyekuwa akisema "karibu, lina iliki" atapiga ukelele: "Babu, huo udongo!" Atamshika mkono, pengine atalia kwa hofu. Maana yake ni kwamba tangu mwanzo alijua, na alitegemea kuwa na sisi tunajua. Mpaka kati ya chakula na mfano wa chakula anaulinda yeye, tena kwa uangalifu kuliko sisi. Neno "kitamu" katika mchezo huu halitoi habari ya ladha, kama vile mshairi anaposema ameuawa na mapenzi halitoi habari ya msiba, na hakuna anayekwenda kwao kuhani. Wasemaji wote wawili wamekwisha kupatana juu ya maana.

Na namna ya kujibu ndani ya mapatano hayo tumeonyeshwa pia. Katika mkusanyiko huo huo wa Abu Daud yamo masimulizi ya Bibi Aisha kuhusu siku Mtume aliporejea safarini, upepo ukalifunua pazia, akaviona vikaragosi vyake vya kuchezea. Miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akauliza ni nini hivi, kisha akauliza kile cha katikati ni nini, kisha akauliza kile kilicho juu yake ni nini. Alipoambiwa ni mbawa, akastaajabu, farasi na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumwuliza kama hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yakaonekana. Wanazuoni wametoa humo mafunzo mengi ya kifikihi juu ya vikaragosi, nami siingii katika bahari isiyo yangu. Ninachokiona ni adabu ya kuuliza. Hakumsahihisha, wala hakusifu kwa maneno makubwa ya kumaliza mazungumzo. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena, na katika kila swali alikuwa ameingia hatua moja katika chumba ambacho mwenye mchezo alikijenga, huku wote wawili wakijua mlango uko wapi.

Ndiyo maana nasema kuwa mtu mzima asemaye "kitamu sana, mwanangu" huku masikio yako kwenye redio na macho yako kwenye simu, yu karibu na uongo kuliko udongo wenyewe. Neno ni lile lile, lakini kiganja kimefumbwa: mtoto anadhani amekaribishwa moyoni, na moyoni hamna mtu.

Liko pia suala la vyakula vya kuchezea vinavyonunuliwa. Siku hizi maduka yetu yanauza masanduku ya vyakula vya plastiki: kuku wa kuchoma, keki, zabibu, vyote vya rangi za kuvutia. Sivipigi vita. Lakini vinanikumbusha kitabu kidogo cha mwandishi wa Kiingereza Beatrix Potter, kilichotoka mwaka 1904, chenye kisa cha panya wawili wabaya. Panya mume na mke wanaingia katika nyumba ya vikaragosi wakakuta meza imeandaliwa chakula cha kupendeza. Wanajaribu kukata nyama, kisu kinapinda. Samaki hatoki sahanini, na hata akitiwa motoni haungui, kwani moto nao ni wa karatasi. Kumbe vyote ni plasta, vimenunuliwa vikiwa tayari ndani ya sanduku, na mpishi wa nyumba hiyo hajapata kupika hata siku moja. Panya wanakasirika, wanavunja kila kitu.

Wazazi wengi huwasomea watoto kisa hiki wapate kucheka, na wanacheka. Lakini ukikiangalia upande wa panya, ni kisa cha wenye njaa walioingia kwenye mfano bila ya kuambiwa kuwa ni mfano. Mwenye meza hakutenda dhambi ya kusema; hata hivyo mezani pake palikuwa na ahadi, na ahadi hiyo iliwaumiza wasiojua. Mtoto aliyeukanda udongo kwa mikono yake hawezi kupatwa na lililowapata panya. Anakijua chakula chake mpaka ndani, maana jana kilikuwa bonge kwenye ndoo. Hiyo ndiyo tofauti ya kufanya na kununua: mtendaji hadanganywi na alichokitenda.

Lakini vipi akiwapo mtu mkekani ambaye hakuukanda? Hapa swali letu linaacha kuwa la mchezo.

Sote tumelelewa na kisa cha Sayyidna Omar, Khalifa wa pili, aliyetawala toka mwaka 634 hadi 644. Usiku mmoja, nje ya Madina, yeye na mtumishi wake Aslam waliuona moto, wakamkuta mwanamke na watoto wanaolia, na chungu juu ya mafiga. Chunguni mlikuwa na maji matupu. Wasimuliaji wengine husema mawe. Mama alikuwa akikoroga ili watoto wadhani chakula kinaiva, mpaka usingizi uwachukue. Omar alirudi mjini, akatoa unga na mafuta katika ghala ya Waislamu, akaubeba mzigo mgongoni mwake. Aslam alipotaka kumpokea, alimwuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama. Akaupuliza moto mwenyewe, moshi ukipita katika ndevu zake, akapika, akawalisha, na hakuondoka mpaka aliposikia watoto wanacheka.

Je, yule mama alisema uongo? Kwa kanuni ya tende, ndiyo: yeye alijua na watoto hawakujua. Lakini hakuna msimulizi niliyemsikia akimlaumu, wala Omar hakumlaumu. Lawama aliibeba yeye, pamoja na gunia. Nadhani hii ndiyo sehemu ya kisa tunayoisahau kwa kupenda sehemu ya moshi na ndevu. Chungu cha mawe ni uongo, lakini mwenye uongo si lazima awe yule anayekoroga. Mara nyingine uongo wa mnyonge ni deni la mwenye nguvu, na hati ya deni hilo hupikwa kwa maji matupu.

Nilipata kuliona jambo hili kwa udogo wake nyumbani kwangu. Mchana mmoja watoto wa mtaa walikuwa ukumbini wakifinyanga. Waliandaa sinia kamili: wali wa mchanga mweupe, mchuzi wa pweza, sambusa, na mkate wa kumimina uliotobolewa tundu kwa njiti ya kibiriti. Wakakaribishana, wakala, wakashukuru, wakanawa mikono ya mchezo na kisha mikono ya kweli, wakakimbilia nje. Mmoja alibaki. Alikuwa mdogo kuliko wote, mgeni wa mchezo, kwao hali haikuwa nzuri mwaka ule. Aliendelea kukaa, miguu ameikunja vizuri, anaitazama sinia. Nikamwuliza mbona hatoki na wenziwe. Akanijibu kwa heshima: "Nangojea cha kweli."

Hakuna aliyemdanganya. Wenziwe walikuwa wakweli kwa kanuni zote nilizozitaja. Viganja vyao vilikuwa wazi, na udongo aliuona ni udongo. Ila yeye aliufasiri mchezo kama watu wenye njaa wanavyofasiri kila kitu, kwamba huu ni utangulizi. Mke wangu alikuwa ameyasikia yale maneno mlangoni. Hakusema kitu. Alileta muhogo wa nazi, na kipande cha samaki, akaviweka juu ya sinia ile ile, pembeni ya vile vya udongo, akawaita na wale wengine ili asile peke yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiuangalia upya ukarimu wetu sisi watu wazima, ambao tunajisifu nao pwani nzima. Mtu akipita penye watu wanaokula huambiwa "karibu", naye hujibu "starehe", akaenda zake. Ni adabu nzuri, na aghalabu pande zote mbili zinajua kuwa mwaliko ule ni mfano wa mwaliko. Huo ni mchezo wetu wa kufinyanga, na hauna ubaya. Lakini watoto hutuzidi katika jambo moja: wao wakikaribisha huandaa sahani, huhesabu watu, huuliza nani hajapata. "Karibu" zetu ngapi zina sahani? Mwenye njaa akiupokea mwaliko wetu kikweli, akakaa, tunafurahi, au tunatazamana? Kama tunatazamana, basi "karibu" ile ilikuwa tende isiyokuwamo kiganjani, na anayestahili kuulizwa juu ya uongo si mtoto mwenye vidole vya udongo.

Wanaosema kuwa ni aibu kuchezea mfano wa chakula hali wako wasio na chakula, nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kumnyima mtoto udongo hakumshibishi mtu. Kinyume chake, mtoto aliyewahi kupanga sahani sita ndogo na kuona kuwa watu ni saba, amekwisha kukutana na swali zima la uadilifu, nalo limo katika kiganja chake. Akilikata andazi la udongo vipande viwili ili wa saba apate, amefanya hesabu ambayo serikali nyingi hazijaiweza. Na mvulana naye akae mkekani afinyange, asipewe kazi ya kwenda sokoni tu kisha akarudi kuandaliwa, kwani kama Plato alisema kweli kuwa mchezo humwelekeza mtu kwenye kazi yake, basi yule anayecheza kula tu tunamwelekeza huko huko.

Kwa hiyo nikiletewa tena kigae chenye maandazi ya udongo, sitasita kupokea. Nitauliza yamepikwa na nani, yametiwa nini, na hili lililopasuka lilikaa juani muda gani. Nitapeleka mkono karibu na mdomo, lakini si mdomoni. Mchezo ukiisha vipande vyote hurudi ndooni, hutiwa maji, na kesho asubuhi huwa bonge tena, tayari kwa chakula kingine. Ila kabla ya kuifunika ndoo, nitautazama mkeka nione kama kuna aliyebaki amekaa. Na akiwapo, nitamwita bibi yao, tuangalie chunguni mna nini.